Swali la Themanini na Saba

Jikoni, juu ya duka la kufulia nguo, usiku wa Erie,
theluji inaminya dirisha kama mtu asiyejua hodi,
nami nakariri:
kundi la pili, cheti hakirudiwi.
La tatu na la nne, mara tano, ndani ya miezi sita;
baada ya hapo karatasi imekufa, usiifufue.
Chini, mashine zinazungusha shuka za watu,
sakafu inatetemeka nyayoni,
na mimi nazungusha ulimi.

Morogoro nilisimama kaunta miaka kumi na mmoja.
Mama akija na mtoto wa degedege sikufungua kitabu,
nilifungua kabati.
Hapa ni mwanafunzi mwenye mvi.
Beji kifuani inasema Mwanaidi,
wao huniita Edi,
kana kwamba mwana kaachwa mlangoni
ikaingia sikukuu peke yake.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga.
Hawakusema apone nini,
wala kwa cheti cha nani.

Hesabu ya namba ya daktari naijua:
ya kwanza, ya tatu, ya tano, jumlisha;
ya pili, ya nne, ya sita, jumlisha, kisha mara mbili;
changanya, na tarakimu ya mwisho ndiyo iwe ya saba.
Ikigoma, kuna mtu ameghushi.
Naipenda hesabu hii. Haina lafudhi.

Sheria ya taifa ikisema hivi na ya jimbo vile,
fuata iliyo kali.
Hilo sikulikariri. Nililelewa na mama na shangazi:
ukichelewa kurudi, saa ya shangazi ndiyo saa.

Jumanne akaja mzee Kowalczyk, kofia ya sufu,
mfuko wa mkate mkononi.
Ndani, kichupa cha rangi ya chungwa, jina la mkewe, Loretta,
vidonge kumi na saba.
"Hivi hakuvimaliza," alisema,
kama anayeomba radhi kwa chakula kilichobaki sahanini.
Akavisukuma juu ya kaunta.

Mkono wangu ulitoka wenyewe,
mkono wa Morogoro.
Nikaurudisha mfukoni.

Duka letu halikuandikishwa kupokea.
Dawa ya kundi la pili ikishatoka haina njia ya kurudi,
hata kama aliyeandikiwa naye ametoka, harudi.
Nikamwambia liko sanduku kituo cha polisi, mtaa wa pili,
unatumbukiza, huulizwi.

"Kituo cha polisi sijakanyaga tangu mwanangu,"
alisema,
akaishia hapo.
Sikuhitaji amalizie.
Mji huu unajua vidonge viliwapeleka wapi vijana wake.

Bwana Desrosiers, mfamasia wa zamu,
alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi.
"Edi, wewe hujala mchana."
Kumbe ruhusa huja hivyo.

Tulitembea. Yeye alibeba mfuko, mimi nilibeba kiwiko chake;
mfuko sikuugusa, sheria shahidi.
Barafu ilitupimia hatua.
Sanduku lilikuwa la chuma, mdomo wake mwembamba,
na kichupa kilianguka na mlio wa njuga,
mara moja,
kisha basi.
Alivua kofia. Baridi ile, alivua kofia.

Mtihani. Swali la themanini na saba:
Mgane analeta masalio ya dawa ya kundi la pili
kwenye duka lisiloandikishwa kukusanya. Mfamasia afanye nini?
A, apokee na kuandika daftarini.
B, apokee na kuharibu mbele ya shahidi.
C, asipokee; amwelekeze mahali palipoidhinishwa.
D, ampigie daktari.

Nilibonyeza C.
Kompyuta ikasonga, haikusubiri,
mimi nikiwa bado barafuni, kiwiko mkononi,
natafuta herufi ya E.

Swali la themanini na nane
lilihusu dawa ya mafua, gramu ngapi kwa siku.
Tatu nukta sita.